Mashua Iliyosubiri Mtu wa Ndani

Hata leo nikinusa pamba iliyoloweshwa mawese, hasira inanipanda. Mnisamehe, hasira yenyewe haina pa kwenda. Wa kukasirikiwa wote wameshazikwa.

Kambo, ndivyo tulivyomwita babu yangu mzaa baba, alikuwa fundi wa mashua za tanga. Ufundi aliurithi kwa baba yake kwenye Ziwa Tanganyika, naye huyo aliupata kwa watu wa pwani waliofika na misafara, wakaoa Maniema, wakabaki. Kambo alijenga mashua Kasenga, mji wa wavuvi, miaka mingi, mpaka injini zikaja na matanga yakaonekana mambo ya kizamani. Ndipo baba akamleta kwetu Lubumbashi, mji ambao mto wake mtoto anauvuka bila kukunja kaptula. Majirani walicheka mpaka basi walipoona mkuku wa mashua, ule uti wake wa chini, umelazwa uani, kati ya jiko la mama na kamba ya nguo.

Aliyeiagiza ni mvuvi wa Kasenga, rafiki yake wa zamani, aliyeahidi kuja na lori kuichukua kabla ya mvua. Kambo hakuchora hata mstari. Alipandisha ubao juu ya ubao kwa kukadiria kwa jicho, kisha akatia mataruma, zile mbavu za ndani. Ikabaki kukalafati, yaani kushindilia ile pamba ya mawese kwenye maungio ili maji yasiingie. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anagonga kwa nje, mwenzake anakaa ndani, kiganja juu ya ubao, anasikiliza pamba inavyoingia.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Baba alikuwa kwenye tanuru za shaba, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku, na Jumamosi kuna salongo, kufyeka majani barabarani kwa amri ya Chama tawala. Jumapili ikifika, kambo anasimama mlangoni na kofia yake nyeupe.

"Mwanangu, ingia mu mashua kidogo."

"Papa, nimechoka. Dimanche ingine."

Na Jumapili nyingine yakawa yaleyale. Nikajitolea mimi: "Kambo, mi nitaingia!" Akanipapasa kichwa. "Hapana, mama. Ni yeye tu." Nilinuna siku nzima, nikidhani ni kwa sababu mimi msichana.

Kiangazi kikakaza, upepo ukaanza kuachanisha mbao. Asubuhi moja kambo aliingia mwenyewe, akawa anagonga peke yake kwa ndani. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Akageuka kitandani, akaniita. "Enda, ambia kambo apunguze makelele. Bantu banalala."

Nikaenda, nikasema vilevile nilivyotumwa. Kambo akaweka nyundo chini polepole. "Muambie alale." Nyundo ile hakuishika tena.

Lori lilikuja. Mvuvi akaizunguka mashua, akaona nyufa, akamshika rafiki yake begani, akarudi Kasenga na lori tupu. Mvua za kwanza zilimkuta kambo kaburini. Msibani mvuvi yule alimvuta baba pembeni, wakaongea kwa sauti ya chini, na baba akarudi hatazami mtu.

Mvua ziliijaza mashua, mbao zikavimba, maji yakatuama ndani. Asubuhi moja nikamkuta baba ameketi humo na nguo zake za kazi, maji kiunoni, viganja vyote viwili juu ya ubao. Nilicheka, jamani! Nilidhani anatafuta panapovuja. Nikamwita mama aje aone. Mama aliona, akanivuta ndani, akafunga mlango.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikafika Kasenga, na mvuvi, mzee sana sasa, akanisimulia yale aliyomwambia baba msibani. Kwa watu wa kazi hiyo, fundi akimwita mwanawe akae ndani wakati wa kukalafati, anamkabidhi kazi yake. Hasemi kwa nini anamwita, wala habembelezi, wala hamweki mwingine mahali pake. Baba, aliyekulia shule ya bweni ya mapadri, angelijuaje? Alimpa mzazi wake nyumba, unga na daktari, akaamini ametimiza. Najuta kwa ajili yao wote wawili, na majuto hayo hayanisaidii kitu.

Asubuhi ile ya maji baba alikuwa ameingia, kama alivyoombwa. Huko nje hakukuwa na mtu wa kugonga.