Mwethya wa Kompyuta

Enzi zetu, kompyuta ya gemu haikununuliwa, ilichangwa. Najua mtacheka, maana nina miaka thelathini na kidogo tu na tayari nasema "enzi zetu" kama nyanya. Chekeni. Mliokulia Kanyangi wakati stima ilikuwa imefika sokoni tu mnanielewa.

Tulikuwa watoto sita wa darasa la saba. Siku moja tulionja gemu ya mpira kwenye saiba moja, duka la kukodi kompyuta, mjini Kitui, dakika kumi hivi, na tangu hapo bano za gololi na kati ya mpira zikatuishia utamu. Tukataka mashine yetu. Kwetu kazi kubwa hufanywa kwa mwethya: leo majirani wako shambani kwako, kesho kwa mwingine, kila mtu na jembe lake. Basi tukaamua kila mmoja amwombe jamaa yake wa mjini kipande kimoja cha kompyuta, akilete Krismasi. Kipande cha aina gani, hatukusema. Jembe si ni jembe?

Krismasi ikafika na chapati zake, nguo mpya za kuwasha mwili, na wajomba wenye viatu vya kung'aa ambavyo vumbi la Kanyangi liliviheshimu kwa dakika tano. Vipande vikaja. Musyoka, ambaye baba yake alikuwa na posho mill ya kusaga unga, alipata motherboard, ile bodi kubwa ambayo vipande vingine vyote hukaa juu yake. Mimi nilipata power supply, kisanduku cha kugawa stima, nzito kama tofali. Tukakutana chumba cha nyuma cha posho mill kwa sababu ya stima, unga ukitushukia nyweleni mpaka tukafanana na mababu zetu.

Mimi ndiye nilikuwa karani. Kijana wa saiba alikuwa amenieleza, nami nikaandika: bodi ya Musyoka inakubali RAM, vile vijiti vya kumbukumbu, za aina mpya pekee, na za zamani zina mkato mahali tofauti. Usiweke ya zamani, alisema, utaua bodi.

Kisha akaja wa sita wetu, Mwende. Familia yao ilikuwa imehama kutoka Nuu baada ya ukame kumaliza mifugo yao, na alikuwa na muhula mmoja tu shuleni kwetu. Katika michezo yetu alikuwa mtu wa kutazama. Siku hiyo alifungua leso aliyoikunja mara tatu, akatoa RAM. Shangazi yake aliyekuwa akisafisha ofisi Nairobi alikuwa ameiomba kazini, itolewe kwenye mashine iliyotupwa. Nilitazama mkato wake nikajua.

RAM nyingine tulikuwa nayo, nzuri tu. Ningesema neno moja. Lakini Mwende alikuwa akitabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimemwona akitabasamu, na mama yangu alitulea akisema, "Kwa mwethya hakuna jembe mbaya. Mtu akikuja, mpe mahali pa kulima." Nikampa mahali.

"Imekataa kuingia," Mwende akasema.

"Itaingia tu," nikamwambia. "Hako kameno ka bodi ndiko kanazuia."

Musyoka akaleta tupa ya kunolea mapanga. Tukachonga mkato mpya kwenye RAM kwa makini, tukipuliza unga kila baada ya muda, tukaisukuma kwa vidole gumba mpaka ikaingia. Tukapiga makofi. Tukawasha. Ikatoa mlio mdogo, harufu ya plastiki, na moshi mwembamba. Bodi ya Musyoka ilikufa pale pale, na mwethya wetu ukafa nayo.

Hakuna aliyemgombeza mwingine. Njiani kurudi nyumbani Mwende aliniuliza, "Wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua," nikasema.

Baada ya hapo alirudi kutazama. Sisi tukiruka kamba yeye alikaa kando, sketi yake imefunika magoti, nami nilimwacha akae, kwa sababu kumwita kungenilazimu kusema ukweli. Nimeona aibu ya jambo hilo miaka yote.

Juzi nilikuwa mjini Wote kwa dada yangu, nikamkuta binti yake Ndanu akichagua vipande vya mashine yake ya gemu kwenye simu. Akigusa kisichofaa, alama nyekundu inatokea.

"Hiyo haimatch, Auntie," akaniambia, akakifuta bila hata kukitazama mara ya pili. Watoto wa siku hizi! Tupa hawaijui, na RAM kwao huota kwenye pikipiki ya kuleta mizigo. Lakini nilimwonea wivu. Ukweli ulikuja mwekundu na hakuna aliyelia.

Jioni nikampigia Mwende simu. Siku hizi anauza dawa za mifugo Tseikuru. Nikamwambia yote: kwamba nilijua, kwamba nilidanganya. Mbuzi walikuwa wakilia nyuma yake.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Shangazi aliniambia hiyo ni ya zamani, haiwezi ingia. Lakini sasa ningekuja na nini?"

Tulikaa kwenye simu muda mrefu, tukicheka kidogo.

Vipande vilipofika, mashine ya Ndanu iliwaka kwa jaribio la kwanza. Ina taa za kila rangi na haikwami hata kidogo. Anaicheza peke yake, mlango umefungwa.