Orkestra ya Ghala la Mahindi

Mpaka leo kuna watu Bungoma wanaamini muziki wa harusi ya binti yangu ulitoka ng'ambo. Uongo. Ulitoka Matisi, Kitale, kwa nyumba ya mabati, na aliyeutengeneza ni mimi.

Shule niliacha darasa la nne. Redio nilijifunza kutengeneza kwa kuziharibu. Redio zikanipa spika, spika zikanipa studio ya kurekodi kwaya, na chumba cha mbele nikaweka televisheni za michezo ya video. Binti yangu ndiye aliyeangalia wateja. Kulikuwa na mchezo mmoja wa mpanda farasi anayevuka jangwa. Wimbo wake ulikuwa mtamu, ila ulilia ti-ti-ti kama kengele ya baiskeli. Binti alikua akiuimba, akiosha vyombo, akianika nguo. Alipochumbiwa Bungoma akaniambia:

"Baba, kanisani nitaingia na ule wimbo wa farasi. Lakini usikike kama umepigwa na watu. Watu wengi, wenye fidla."

"Mama, watu wa fidla nitawatoa wapi hapa Kitale?"

"Si uko na kompyuta?"

Kompyuta nilikuwa nayo, na ndani yake sauti za fidla na tarumbeta, unazipiga kwa kinanda. Nikapiga. Nikampelekea kiongozi wa kwaya wa kanisa la bwana harusi, mwalimu mmoja ambaye bila kibali chake hapigi mtu hata filimbi pale. Alisikiliza kidogo akacheka.

"Mzee, hii ni simu inalia. Mashine haiingii kanisani."

Niliumia. Lakini nilirudi nikasikiliza tena, na kweli watu hawakuwamo. Nimerekodi kwaya miaka mingi, sijawahi kuona watu arobaini wakifungua mdomo mara moja. Lazima kuna mama atakayetangulia na besi atakayechelewa. Fidla zangu zilianza zote pamoja kama askari wa gwaride. Basi nikafuta. Kila fidla nikaipiga upya kwa mkono, moja baada ya nyingine, ili kosa la hii lisiwe kosa la ile. Tarumbeta nayo ilikuwa haipumui. Nikamwita shemeji yangu wa Bumula, anayepiga tarumbeta matangani, apige huku nikimtazama kifua. Kila alipovuta pumzi, nami nikakata sauti kwenye kompyuta. Jirani yake anapiga siilili, ile fidla yetu ya Kibukusu. Nikairekodi hiyo moja, nikaificha katikati ya zile za mashine, na zote zikapata damu.

Bado ilisikika kama watu wamefungiwa kabatini. Nikabeba spika hadi kijiji cha Kwanza, nje ya Kitale, kwa ghala la mahindi la rafiki yangu, kabla ya mavuno, likiwa tupu. Muziki ukatoka kwenye spika, ukagonga mabati, maikrofoni ikaudaka upande wa pili. Nilisimama mlangoni nikasikia ukumbi mzima umejaa wapigaji.

Nikarudi kwa mwalimu. Safari hii hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Hii umekopi kwa CD ya wazungu."

"Ati nini?"

"Mzee, usinidanganye. Hii ni orkestra ya Ulaya."

"Wimbo ni wa mchezo wa watoto, hilo sijaficha. Lakini wapigaji ni wangu! Sikiliza hapo nyuma. Hao ni njiwa wa Kwanza wanatembea juu ya mabati."

"Hata Ulaya kuna njiwa."

Sasa niambieni. Ikiwa mbaya, ni mashine. Ikiwa nzuri, nimeiba. Mtu wa darasa la nne apite wapi? Na kibali akatoa, tena kwa furaha! Kitu cha Ulaya, hata akidhani ni cha wizi, kanisani kinaingia. Changu kilifukuzwa mlangoni.

Siku ya harusi nimesimama kwenye mlango wa kanisa, binti amenishika mkono. Mwalimu akachukua maikrofoni.

"Tusimame. Bibi harusi anaingia kwa orkestra kutoka ng'ambo."

Muziki ukaanza. Binti hakusonga.

"Mama, twende."

"Siendi, Baba. Ng'ambo gani?"

Fidla zikapita, tarumbeta ikapita. Watu wakageuza shingo. Bwana harusi kule mbele akajifuta jasho. Dada yangu akaja mbio.

"Wewe, kwani miguu imekuwa nini?"

"Shangazi, mwambie yule mwalimu aseme nani alitengeneza huu muziki. Asiposema, mimi niko hapa."

Dada yangu akaenda, akamnong'oneza. Mwalimu akakohoa.

"Nasikia... nasikia ati umetengenezwa na baba ya bibi harusi."

"Na pumzi ni zangu, bana!" shemeji akapaza sauti kutoka viti vya nyuma. Kanisa zima likacheka.

Wimbo ukaanzishwa upya, tukatembea. Pale tarumbeta inapovuta pumzi, binti naye alivuta. Niliisikia mkononi mwangu.

Lakini ile "nasikia" haijanitoka kooni. Kiongozi wa kwaya, kazi yake ni kusikia. Nilipomletea njiwa wa Kwanza mpaka masikioni mwake, mbona hakusikia?