Siku Niliyojidai Fundi wa Rampu ya Wasichana

Afadhali niwaambie mwenyewe kabla wajukuu zenu hawajawaonyesha kwenye simu, maana aibu yangu ilifika Embu kabla sijamaliza kutoa maganda ya kahawa masikioni, na watu wa kule Manyatta wameshaitia chumvi wanasema eti nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa nimevaa suti.

Mjukuu wangu Kendi na wasichana wenzake huteleza kwa skeitibodi, yaani ubao wenye magurudumu manne, pale kwenye uwanja wa saruji wa kiwanda chetu cha kahawa hapa Nkubu, msimu ukiisha. Mwanzoni nilinung'unika kama wazee wengine, msichana anaruka hewani suruali imetoboka magoti, nani atamwoa? Lakini wakajenga rampu yao wenyewe, kilima kidogo cha saruji cha kuteremkia, wakasomba mchanga kwa wilbaro na kukoroga kokoto mpaka viganja vikatoka malengelenge, na mchango wangu mimi ulikuwa kuketi kivulini na kuwaambia "hapo pamepinda" (hapakuwa pamepinda).

Sasa mwenyekiti wa kiwanda akataka kuibomoa. Alisema hiyo si kazi wanayoiweza wasichana, siku moja itawaporomokea, na kama kweli wameijenga wao na wanajua kuitunza, basi waje Jumamosi waseme mbele ya wakulima. Kendi akaalika mwandishi wa televisheni aje Jumamosi hiyo hiyo.

"Guka," akaniambia asubuhi, maana ndivyo tunavyomwita babu huku kwetu, "kazi yako ni kuwakaribisha tu. Useme karibuni, uombe, ukae."

"Kwani mimi ni mtoto?"

"Guka. Karibuni, amina, kiti."

Kwetu mgeni hajibiwi na kijana ikiwa mzee wa boma amesimama pale, ndivyo nilivyolelewa, na yule mwandishi bila shaka alilelewa vivyo hivyo, kwa sababu aliwapita wasichana wote na helmeti zao akaja moja kwa moja kwangu, akaniwekea kipaza sauti karibu na mdomo, akauliza, "Mzee, kazi hii nzuri ni ya nani?"

Ningesema "ya hawa" yaishe. Lakini kamera ilikuwa inanitazama, akina mama wa kanisa wamejaa kando ya ukuta, suti imepigwa pasi, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Ni yangu. Hawa ninawafundisha."

Kendi alinitazama tu, na heri angenitukana. Mwenyekiti akapiga makofi. "Si nilisema! Wasichana wangetoa wapi ujuzi huu? Mjadala umekwisha, Jumatatu tunaleta nyundo."

Hapo ningekiri. Nilikuwa nafungua mdomo kukiri (naapa), lakini mwandishi akasema, "Basi mzee, tuonyeshe kidogo!" na akina mama wakapiga vigelegele, na mwanamume mwenye suti akipigiwa vigelegele akili huenda likizo.

Makena, rafiki wa Kendi, akaniletea ubao wake. "Guka, hii haina breki."

"Hata punda hana," nikamjibu, nikapanda.

Jamani. Ule ubao ulinitangulia, kisha ukanirudia, kisha tukaondoka pamoja, koti linapepea, kofia imeenda zake, meno yangu ya kubandika yakaruka mbele kama yana haraka kuliko mimi, na Kendi anakimbia kando akipiga kelele, "Kunja magoti, Guka! Kunja!" wakati magoti yangu hukunjwa kanisani tu, tena kwa msaada wa benchi, na mimi nikapaza sauti iliyosikika mpaka sokoni: "Kendi! Mtu anasimamaje kwenye hiki kitu mlichojenga?"

Ubao ulisimama wenyewe. Mimi niliendelea mpaka ndani ya lundo la maganda ya kahawa, yaliyonyeshewa na mvua, yanayonuka mnavyojua.

Mwenyekiti akainama juu yangu. "Mzee, umesema kilijengwa na nani?"

"Na wao!" nikasema bila meno. "Mimi hata mwiko sijashika! Nilidanganya!"

Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kendi pia alicheka, ndipo nikapumua. Mwandishi akageuza kamera, kwa mara ya kwanza akawauliza wasichana wenyewe, na Kendi akaeleza mchanganyiko wa saruji, maji yanapopita, kila wiki nani anaziba nyufa, kisha wakateremka mmoja mmoja kama mbayuwayu. Mwenyekiti akaikanyaga rampu kwa kisigino, akaikanyaga tena.

"Itabaki," akasema. "Lakini huyu mzee asiikaribie."

Kwenye televisheni wasichana walionyeshwa kwa majina na maneno yao. Mimi nilionekana kidogo tu, maganda kichwani, chini wameandika: Babu wa fundi.

Nimeapa sitajibu tena swali la kazi ambayo sikuifanya. Juzi nilipeleka kahawa kiwandani, karani akauliza ni ya nani, kama anavyouliza miaka yote, nikamwambia, "Ya mke wangu. Ndiye aliyeipalilia, ndiye aliyeichuma." Mke wangu alikuwa nyuma yangu na gunia. Alilitua chini, akanishika paji la uso kuona kama nina homa.