Njia Iliyopita Katika Kahawa Yetu

Baba alipozungushia shamba la kahawa seng'enge, mimi ndiye niliyemshikia waya. Nilikuwa msichana niliyemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri matokeo. Yeye alipigilia misumari, mimi nikavuta. Kazi ilichukua siku nne.

Alikuwa na sababu. Zamani kahawa yote ya huku Umatengoni ilinunuliwa na chama cha ushirika, na mwizi hakuwa na pa kuiuza. Kisha wakaja wanunuzi binafsi na mizani zao kwenye pikapu, wananunua hata mbichi, wala hawaulizi imetoka wapi. Msimu mmoja tulikuta mistari mitatu ya mibuni imekwanyuliwa pamoja na matawi. Baba, mwalimu mstaafu, alikaa chini katikati ya mibuni ile. Wiki iliyofuata alimleta mpima ardhi kutoka Mbinga mjini.

Tatizo lilikuwa njia. Watu wa kitongoji cha juu walikatiza shambani mwetu kwenda kanisani na kwenye zahanati. Wasipopita hapo, iliwabidi wapande hadi mgongo wa mlima na kushukia upande wa pili, mwendo wa zaidi ya saa moja. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuzungumza.

"Shikamoo, Mwalimu. Njia hii tumeikuta, wewe na mimi."

"Marahaba. Kwenye ramani haimo," baba alijibu. "Nami nitamjuaje mwizi, kama kila mtu ni mpita njia?"

Mwenyekiti alitazama waya, akaaga.

Miongoni mwa wapita njia alikuwamo mkunga mzee aliyetupokea watoto wote wa nyumba yetu tulipozaliwa. Tulimwita Bibi, ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Mama, aliyefiwa na mama yake akiwa mdogo, alimwita Mama. Kila Jumapili baada ya misa Bibi aliingia jikoni kwetu, akanyoosha miguu, akafungua kitambaa chenye usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, alioletewa na binti yake aliyeolewa Mbamba Bay. Alituachia kiganja kimoja, akala nasi ugali, kisha akapanda kwake.

Jumapili ya kwanza baada ya baba kutia lango na kufuli penye njia ile, alinipa ufunguo nimfungulie Bibi. Alikuja na fimbo yake. Nyuma yake walikuwa wanawake wawili wenye watoto mgongoni.

"Shikamoo, Bibi. Baba amesema wewe upite wakati wowote."

"Marahaba. Na hawa?"

Niliangalia chini. "Hawa wazunguke."

Aliigeuza fimbo kuelekea mlimani. "Basi nitazunguka nao, mjukuu wangu. Msalimie mama."

Niliisikia fimbo yake ikigonga mawe ya mlimani kwa muda mrefu. Jikoni kwetu hakuingia tena. Mama alimfuata kwake mara chache, akarudi na macho mekundu. Wizi ulikoma, lazima niseme ukweli. Jioni moja mama alisema, "Kahawa umeilinda, Mwalimu," akaendelea kuchambua mboga.

Mwaka wa tatu, wakati wa masika, Bibi alifariki. Mama alikwenda msibani siku hiyohiyo. Asubuhi ya mazishi baba aliondoa kufuli, akafungua lango pande zote mbili, akakata matawi yaliyoinamia njia, akamwaga majivu palipoteleza. Kisha akavaa koti lake. Tukasimama langoni, mimi na yeye.

Tulisikia nyimbo kwanza, halafu tukaliona jeneza likishuka mabegani mwa wanaume. Walipofika njia panda iliyo juu ya lango hawakusita. Wakageukia mlimani, katika manyunyu, wakipokezana. Mama alikuwa kati ya wanawake, kanga amejifunga kiunoni. Hakutazama upande wetu.

Baba alivua kofia. "Labda hawakuona kama pako wazi," alisema.

Kutoka pale juu hata kuku akiwa langoni kwetu anaonekana.

"Labda," nikasema.

Tulishuka wawili katikati ya kahawa yetu, tukafika kaburini, kando ya kanisa, mapema mno, tukangoja. Walipowasili wakiwa na matope hadi magotini, hakuna aliyetulaumu. Mtu mmoja alisogea, akampa baba nafasi karibu na rundo la udongo. Baba akatupia udongo kama wengine.

Jioni, mama akiosha miguu, nilimwuliza nani aliyeamua wazunguke.

"Hakuna aliyeamua," alisema. "Miguu imeshazoea kule."

Lango halikufungwa tena. Baba alimwambia mwenyekiti atangaze mkutanoni kwamba watu wapite, na mwenyekiti akatangaza. Watu walishukuru, wakaendelea kupita mlimani. Baba alipalilia njia ile kila mwaka, upana wa mtu mmoja na mzigo wake kichwani, mpaka miguu yake mwenyewe ilipomkatalia. Baada ya hapo majani yaliifunga, nami sikuyafyeka.