Ng'ombe wa Attracta

Upande wa kushoto wa jukwaa palibaki wazi, upana wa mtu mmoja aliyeketi na kodiani. Fintan, mpiga dramu wetu, alikataa tusogee kupaziba. Tulipiga kwa fujo ileile na kasi ileile, Wajerumani wakaruka mpaka jasho likadondoka kutoka darini, lakini kelele zetu zilikuwa kama nyumba isiyo na sakafu.

Nafasi hiyo ilikuwa ya Attracta, binti wa Malachy Gilhooly, mfugaji wa Roscommon. Kaka yake alikwenda Australia, akakaa hukohuko. Baba alipopooza mkono, ng'ombe arobaini wakawa mzigo wa Attracta, asubuhi na jioni. Hakuweza kuja mazoezini, basi mazoezi yakamfuata. Miaka mitatu tulipiga ndani ya banda la kukamulia, yeye kavaa kodiani juu ya aproni ya mpira, mashine zikinyonya.

"Mtaniulia wanyama kwa makelele yenu," Malachy alilalamika.

"Mbona maziwa yameongezeka, mzee?" Fintan akamjibu. "Hawa ndio mashabiki wetu pekee wasiolewa."

Ukaja mwaliko wa wiki sita Ujerumani. Colman, jirani yao, akakubali kukamua. Kwetu jirani haombwi mara mbili. Attracta alifunga sanduku siku nne kabla.

Siku ya pili ya safari, tukisubiri meli bandarini Rosslare, alipiga simu nyumbani. Tulibanana naye kwenye kibanda cha simu, tukasikia kila neno.

"Hawaachii maziwa," baba yake alisema. "Tangu jana jioni. Colman kawabembeleza, wamebana tu. Viwele vimekuwa mawe."

"Wawekee kanda yetu, baba."

"Tumeweka. Hawadanganyiki. Wanageuza shingo mlangoni, wanakutafuta. Sikwambii urudi, mama. Nakwambia hali ilivyo."

Akaitundika simu taratibu.

"Tumewazoesha wenyewe," alisema.

"Ng'ombe, Atti! Ng'ombe ndio wakuzuie?"

"Wewe unao wangapi, Fintan?"

 Kila mmoja wetu alijua kiwele kisipokamuliwa huoza, na mnyama anaweza kufa. Attracta akatia mikono kwenye mikanda ya kodiani, akaipandisha mgongoni, akaenda kutafuta basi la kurudi.

Mwaka huu ametimiza miaka hamsini na mmoja. Yuko Roscommon, anakamua saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na hajawahi kuvuka bahari.