Hapo Si Wazi

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, ramani ya kijiji chetu ilibadilika kwa neno moja.

Bwana mipango alikuwa ameitandaza mezani, katika ofisi ya kijiji. Kipande kimoja alikiandika "wazi", kijengwe soko. Mama mmoja mjane akaweka kidole palepale.

"Mwanangu, hapa si wazi. Hapa ni nyumba ya binti yangu."

"Mama, nilipita juzi. Sikuona nyumba."

"Minazi minne hukuiona?"

"Hiyo niliiona."

"Basi nyumba umeiona. Marehemu baba yake aliipanda binti alipotimiza siku arobaini, mnazi mmoja kila pembe ya nyumba atakayokuja kujenga. Sasa analala na wanawe watatu chumbani kwangu. Akajenge wapi, baharini? Na huko mmeshaweka hifadhi!"

Wanakijiji tuliokuwepo tulicheka, naye bwana mipango akacheka. Kisha akachukua kifutio, akafuta taratibu, akaandika "makazi".

Nyumbani nami nina minazi minne. Aliyeipanda, mke wangu, ametangulia, na mwanetu bado hajajenga.

Ewe Mola, warehemu waliopanda nyumba wasizowahi kuziingia, uwape makazi mema kwako. Amin.