Maji ya Tatu ya Kayabo

Mwanangu, ipo siku moja pale Mugango, kando ya ziwa, ambayo sijaisahau. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi, na nilitamani sana kusifiwa mapishi.

Mama mkwe wangu alikuwa na presha. Kliniki walimpa vidonge na kumwambia apunguze chumvi. Nyumba ile iliishi kwa kayabo, yule sangara anayekaushwa kwa chumvi, kwa hiyo mama aliniagiza nimloweke toka jioni na kumwaga maji mara tatu. Nilifanya hivyo, mpaka siku shemeji yangu aliposukuma sahani pembeni mbele ya wageni.

"Shemeji, umetupikia sisi au wodi ya wagonjwa?"

Wakacheka. Aibu iliniingia. Tangu hapo nikawa namsuuza kayabo mara moja tu, kisha sufuriani. Sahani zikarudi tupu. Mama akiuliza, "Umemloweka?" nilijibu, "Ndiyo, mama." Akisema chumvi imezidi, nilimsingizia mkaushaji. Akaniamini, akala.

Haikupita miezi mingi miguu yake ikavimba. Kutoka ziwani na ndoo, alipumzika njiani mara mbili. Hospitalini Musoma daktari akasema moyo umechoka kwa presha ya miaka, na chumvi inauongezea mzigo. Akauliza mgonjwa anakula nini. Nilisema yote, shemeji akiwa pale pale.

Mama alinitazama. "Ulikuwaga unanidanganya kila siku?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kuanzia leo maji ya mwisho naonja mwenyewe. Na wewe," akamgeukia shemeji, "ukitaka chumvi, nenda kalambe kayabo sokoni!"

Aliyaonja miaka kumi na minane. Hakuruka kidonge. Alikwenda hadi Kiriba kuona wajukuu.

Mwaka huu tumemzika. Kibakuli chake cha kuonjea bado nakiweka pembeni ninapoloweka. Lakini najivuna, mwanangu. Msibani shemeji, ambaye sasa naye ana presha, alisimama kwa wapishi akaagiza kayabo alowekwe na maji yamwagwe mara tatu. Hakuna aliyecheka.

Kapime presha hata kama huumwi popote. Usiache vidonge kwa sababu umepata nafuu. Usimtilie mgonjwa chumvi ili wewe usifiwe. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajavimba miguu.

Mungu akutunzie moyo wako, na anayekula mkononi mwako azeeke akikusifu.